Tarakimu Ishirini na Tano

Umeme ulikatika saa mbili, ukarudi saa nne.
Nikaanza na LUKU: tarakimu ishirini,
mita ikalia pii, taa ikakubali.
Kisha kompyuta. Kisha gemu.
Nayo ikadai zake, ishirini na tano, herufi na namba,
zilizochapwa nyuma ya boksi kwa wino mwoga,
nane hujui kama ni B,
sifuri hujui kama ni O.

Gemu hii nilinunua. Narudia: nilinunua.
Madumu mawili ya asali ya Sikonge,
niliyoyabeba mwenyewe toka stendi hadi Soko Kuu,
yaligeuka boksi moja jembamba.
Risiti ninayo,
imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki ya mwanangu.

Nikamaliza kuandika. Subiri, tunahakiki.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kama mbwa anayetafuta pa kulala.
Mtandao wa Ipuli usiku ni wa kuotea;
kifurushi cha elfu moja kikaliwa chote na kiduara.
Saa tano na nusu jibu likaja:
Samahani. Umiliki wako haujathibitishwa.

Samahani!
Mtu anakufungia nje ya nyumba yako
halafu anakupa pole dirishani.

Ng'ambo ya ukuta nawasikia vijana wa kwa Hamduni,
wameshafika hatua ya saba, wanashangilia.
Yao ilikuja kwenye flashi, elfu mbili pale Kanyenye,
imeshang'olewa bawaba, haimuulizi mtu jina.
Mwizi kapita mlangoni akipiga mluzi,
mwenye ufunguo nimekaa kibarazani nahojiwa.

Nilimtukana aliyebuni kufuli lile.
Nilimtukana kwa Kinyamwezi,
ili tusi lifike na uzito wake.

Hayo ya mwaka juzi.

Mwaka jana nikatengeneza gemu yangu.
Ndogo tu: treni, kutoka Tabora, Urambo, Kaliua, mpaka Mpanda,
unapakia magunia ya karanga,
unawahi kabla mvua haijala tuta la reli.
Miezi kumi na moja. Macho mekundu.
Kalunde ananigongea sahani mlangoni ili nikumbuke kula.
Nikaiuza elfu tatu. Wakanunua watu tisa.

Wiki ya tatu nikaikuta Kanyenye,
kwenye flashi, kati ya kaswida na filamu za ngumi,
jina langu limefutwa,
imeandikwa TRENI MPYA KALI.
Muuzaji akanisifia: "Chukua, kaka, hii inapendwa."
Nikalipa.
Mpaka leo sijui kwa nini nililipa.

Usiku ule nikaandika kufuli.
Vidole vilijua njia. Subiri, tunahakiki:
maneno yale yale, hata samahani niliiweka.
Nikawatumia wale tisa toleo jipya.

Aliyenipigia wa kwanza hakuwa mwizi.
Alikuwa Mgalula, fundi baiskeli wa Kitunda, mteja wangu wa nne,
aliyelipakua toleo lile mjini siku ya mnada.
Kwao mtandao hupatikana juu ya kichuguu,
asubuhi, ukisimama umeelekea mashariki.
"Fundi," akasema, "ile treni yetu imenikataa.
Mtoto ananiuliza nimekosa nini."

Yetu, alisema.

Mizinga yetu porini haina kufuli, ina nyuki.
Mwizi huja na moshi, mwenye mzinga naye huja na moshi,
na nyuki hawasomi risiti.
Wote wawili hurudi wamevimba midomo,
ila mmoja ndiye aliyechonga gogo.

Kufuli nimeling'oa. Msiniite mwema;
nilichoka kusikia simu ikiita.
Mwezi huu zimeuzwa mbili.
Kanyenye sipiti tena, nazungukia Gongoni,
njia ndefu, ina vumbi,
nisije nikasikia honi ya treni yangu
ikilia kibandani kwa mtu.